Silinda Si Bibi Harusi

Mwongozo huu ni wa jambo moja tu: silinda ya pikipiki ya zamani iliyo juu ya meza yako, imeshaoshwa grisi, inangoja uamuzi. Uipake rangi au uichovye kromu? Najua unachokitaka, maana hata mimi nilikitaka. Unataka ing'are. Unataka jirani akipita ajione uso kwenye mapezi ya injini kama anavyojiona kwenye sinia ya harusi. Kaa kitako kwanza. Chai iko jikoni, na simu ya mtu wa kuchovya haitakimbia.

Tafuta sumaku, hata ile ndogo ya mlango wa friji yatosha, uiguse kwenye pezi moja. Isiponata, silinda yako ni ya alumini yenye silivu ya chuma ndani, kama ya BSA Gold Star au ya Triumph Tiger 100 za kuanzia 1951. Hiyo ioshe, ipitishe brashi laini, iache uchi. Alumini hujivika yenyewe ngozi nyembamba ya oksidi na haina shida na mimi wala wewe. Sumaku ikinata, umeingia katika ukoo wa chuma cha kusubu, nao ni ukoo mkubwa: Speed Twin ya Edward Turner iliyotolewa na Triumph mwaka 1937, Bonneville ya 1959, na BSA chungu nzima zilizotoka Small Heath, Birmingham. Yangu imo humo: B31, silinda moja, sentimita za ujazo 348, aliyoiacha babu yangu aliyekuwa karani wa bandari ya Kilindini.

Chuma cha kusubu huvumilia joto na msuguano miaka nenda miaka rudi, lakini hushika kutu kama mtoto anavyoshika mafua. Hapa Mombasa ukikisugua asubuhi kikawa cheupe pe, hadi adhuhuri kimeshaanza kuingia rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo lazima kivae kitu, na kitu chenyewe ndicho watu wanachokosania.

Waulize kwanza waliozitengeneza. Speed Twin ilitoka na tangi la kromu lililopakwa nyekundu sehemu tu, rimu za kromu, ekzosi za kromu. Silinda yake ilikuwa nyeusi, ya rangi ya kupaka. Bonneville ya 1959, pikipiki ya kujidai hasa, silinda yake ya chuma ilipakwa rangi ya fedha. B31 nazo zilianza maisha na tangi la kromu. Mtu mwenye dimbwi la kuchovya tangi zima hashindwi kuchovya bloku, kama tunavyoiita huku kwetu. Kisha Vita vya Korea vikafanya nikeli iwe adimu mwanzoni mwa miaka ya 1950, viwanda vya Uingereza vikalazimika kupunguza kromu hata kwenye matangi na rimu. Pikipiki za wakati huo zilikwenda vilevile. Mtindo wa kuing'arisha injini nzima kuanzia chini hadi juu ulipata nguvu baadaye, Marekani ya miaka ya 1960 na 1970, kwa pikipiki za maonyesho zilizorefushwa uma wa mbele. Zile zilibebwa nyuma ya gari, zikashushwa, zikatazamwa, zikapakiwa tena. Yako inapanda daraja la Nyali.

Sasa tuje kwenye joto, na hapa nataka tuwe waadilifu, kwa sababu vijiweni husemwa mengi. Utaambiwa kwamba kromu itaiua injini kwa joto. Si kweli hivyo. Pikipiki ikiwa mbioni, sehemu kubwa ya joto la silinda hubebwa na upepo unaopita kati ya mapezi, na upepo haujali pezi limevaa nini. Utaambiwa pia kwamba rangi ni blanketi. Nayo si kweli, mradi ipakwe nyembamba. Rangi yenye unene wa sehemu 5 za mia za milimita ni nyembamba kuliko unywele wa watu wengi, na kizuizi chake kwa joto ni kidogo mno kikilinganishwa na kazi ngumu ya joto kutoka kwenye chuma na kuingia hewani. Tofauti huja pikipiki inaposimama. Hapo upepo umekwisha, na joto lililobaki hutoka pia kwa mnururisho, ile hali unayoihisi shavuni ukipita karibu na tanuri la mkate bila kuligusa. Rangi nyeusi hutoa mnururisho huo kwa kiasi cha sehemu 90 kwa 100 za kile ambacho kitu kinaweza kutoa. Kromu iliyosuguliwa hutoa kama 10. Rangi ya fedha yenye chembe za alumini iko kati yao. Tena ni uso wa nje tu unaofaidika, kwa kuwa mapezi ya ndani yanatazamana na kurudishiana joto lao wenyewe.

Kwa hiyo barabarani hutaona tofauti. Lakini kaa dakika ishirini kwenye foleni ya kivuko cha Likoni saa saba mchana, injini inanguruma na mbele yako kuna lori la saruji, halafu niambie ungependa silinda yako iwe imevaa nini.

Hata hivyo, joto silo lililonifanya niandike. Kilichonifanya niandike ni kile kinachotokea ndani ya dimbwi la kuchovya.

Kuchovya kromu si tabaka moja. Kwa kawaida kuna shaba chini, nikeli katikati, kromu juu. Ile kromu unayoiona na kuilipia haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kazi ya kuzuia kutu ni ya nikeli iliyo chini yake, na nikeli hupelekwa kwenye chuma kwa umeme. Umeme nao hupenda ncha. Kama radi inavyochagua mnazi mrefu shambani, mkondo huenda kwenye kingo za mapezi, ukayaacha na njaa mabonde yaliyo kati ya pezi na pezi. Kingo zinanenepa, mabonde yanapata vumbi tu la nikeli au hayapati kitu. Na kutu huanza wapi kwenye silinda? Mabondeni, ambako tope hukaa na maji ya mvua hayakauki. Umelipa fedha nyingi kulinda mahali pasipohitaji ulinzi.

Tena kabla ya dimbwi la nikeli kuna dimbwi la tindikali. Chuma cha kusubu si kitu laini na kizima kama kioo. Kina vijitundu, na ndani yake kuna vipande vya grafiti vilivyolala kama majani ya chai. Tindikali hunywewa na vijitundu hivyo. Ukisuuza kwa haraka hubaki humo, ikafunikwa na nikeli, na wiki kadhaa baadaye hutoka polepole kupitia matundu madogo yasiyoonekana kwa macho.

Yangu ilitoka. Niliipeleka silinda ya babu kwa wachovyaji walionihakikishia kwamba wameshachovya vyuma vya kila namna. Ilirudi imefungwa kwenye gazeti, na nilipoifungua juu ya kitanda nilikaa nikiitazama kama saa nzima. Mvua za masika zilipokwisha niliona michirizi ya kahawia ikishuka kutoka kati ya pezi la tatu na la nne. Nikaifuta, ikarudi. Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa jua kali ambaye amefungua injini tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete hiyo tochi."

Aliwasha tochi, akaisukuma kati ya mapezi, akaniita niiname karibu naye. Kwa juu, kioo. Chini, umbali wa kidole kimoja, chuma kitupu chenye kutu nyekundu na vidoa vya unga mweupe vilivyokuwa vikisukuma ngozi ya nikeli kutoka chini, kama upele unaotaka kutumbuka.

"Hapa wamekuvisha kanzu isiyo na mgongo," akasema. Kisha akaigeuza silinda, akapitisha kidole ndani. "Na hapa je, waliziba?"

Hawakuziba vizuri. Tundu la pistoni linatakiwa kufungwa kabisa kabla ya tindikali, kwa nta, kwa laka au kwa vizibo vya mpira vilivyobanwa kwa boliti. Yangu ilivuja. Ukutani mwa silinda, upande ambao ringi za pistoni husuguana mara maelfu kwa dakika, kulikuwa na vidonda vidogo kama alama za ndui. Ilibidi ichongwe. B31 ilitoka kiwandani na kipenyo cha milimita 71. Yangu sasa ni kubwa kwa nusu milimita, na pistoni na ringi zake niliziagiza kutoka Uingereza. Nusu milimita ile ni chuma cha babu kilichogeuka vumbi kwenye sakafu ya karakana, na hakuna mahali kinapouzwa. Silinda ina ukomo wa mara inazoweza kuchongwa. Nimekula mara moja ya mjukuu wangu.

Kuna la tatu, na si la pikipiki. Kromu ya aina ya zamani inayotumika madimbwini, ile yenye valensi sita, mvuke wake husababisha saratani ya mapafu. Umoja wa Ulaya umeiwekea masharti makali kwa sababu hiyo. Siku niliyokwenda kuchukua silinda, niliwakuta vijana wawili wameinama juu ya dimbwi bila barakoa. Kama ni lazima uchovye rimu au mpini, na mara nyingine ni lazima, tafuta mahali penye mashine ya kuvuta hewa na wafanyakazi waliovaa glavu. Uliza kabla ya kuuliza bei.

Wapo wasiokubali rangi hata ukiwalipa, wanataka mng'ao wa madini. Kwao ipo njia moja ninayoiheshimu: nikeli ya kuchovya bila umeme. Silinda hutumbukizwa kwenye maji ya kemikali yenye joto la karibu nyuzi 90, na nikeli hujishika yenyewe kwa mmenyuko, kila mahali kwa unene uleule, mabondeni na kileleni. Rangi yake ni ya fedha iliyochanganyika na umanjano kidogo, ya upole, haipigi kelele. Ni ghali, wanaoijua ni wachache, na masharti ya kuziba tundu na kusuuza tindikali yako palepale. Wala usiichanganye na Nikasil, ile nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi iliyobuniwa na Mahle ya Ujerumani miaka ya 1960. Hiyo huvishwa ukuta wa ndani wa silinda za alumini ili pistoni isiule. Mtu akikuambia "silinda za BMW zimechovywa, kwa nini yangu isichovywe," mwambie ile ni ya ndani, tena ni kazi nyingine kabisa.

Sasa turudi kwenye rangi, ambayo watu huidhani kazi ya nusu saa.

Toa boliti zote ndefu zinazotoka. Zisizotoka, zifunge kwa mkanda wa karatasi. Kata vibao viwili vya duara, weka mpira chini yake, uzibe tundu juu na chini, ubane kwa boliti moja ndefu inayopita katikati. Kisha silinda ipelekwe kupigwa chembe za kioo kwa upepo, si mchanga wa ufukweni. Mchanga ule una silika, vumbi lake huharibu mapafu bila kurudi, na chumvi yake ni mbegu ya kutu unayoipanda mwenyewe. Pasipokuwa na mashine, tumia brashi ya waya, msasa uliokunjwa, na kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa kuingia mabondeni. Mimi nilitumia siku mbili kwa kijiti. Kwenye bonde la chini kabisa nilikuta ukoko mweusi, mwembamba, uliogoma kutoka: rangi ya kiwandani, ya kabla ya kromu, ambayo hata tindikali ya wale wachovyaji haikuimaliza.

Ioshe kwa maji moto na sabuni, brashi ipite kila tundu, hasa njia za mafuta. Chembe moja ya kioo ikibaki humo itakwenda kula beringi. Hapa usiende kuswali wala kupokea simu: kutoka kwenye maji, ikaushe kwa upepo wa kompresa, kwenye jua, na ukuta wa ndani uupake mafuta ya injini papo hapo kwa kitambaa. Mapezi uyafute kwa thina, na kuanzia hapo usiyaguse kwa vidole vitupu. Jasho la mkono wako ni chumvi.

Rangi yenyewe iwe ya injini, inayovumilia nyuzi kama 250 au 300. Mapezi ya injini yenye afya hayafiki huko. Kopo lililoandikwa nyuzi 650 ni la ekzosi. Nyingi za aina hiyo hubaki laini mpaka zipikwe kwa joto ambalo silinda haifiki, na petroli ikidondoka kutoka kwenye kabureta huzivua kama ganda la yai. Praima usiweke kama kopo halisemi. Anza na mabonde. Puliza kwa pembe, kwanza ukielekea chini, kisha ukigeuza silinda na kupuliza kutoka upande wa pili, tabaka jembamba kiasi kwamba bado unaona chuma. Ngoja dakika kumi. Rudia. Tabaka tatu nyembamba zinashinda moja nene, kwa sababu ile nene hukusanyika chini ya pezi, hutoka matone, na hapo ndipo rangi inapokuwa blanketi kweli.

Sehemu za kukalia gasketi, juu na chini, ziachwe bila rangi. Vivyo hivyo pale nati zinapokaa kwenye kitako cha silinda. Hili wengi hulipuuza. Rangi iliyobanwa chini ya nati hulainika kwa joto, husogea, nati ikalegea, na utaanza kuona mafuta yakilia kwenye kitako ukadhani gasketi ni mbovu. Chukua wembe, kwangua mpaka chuma kiwe kitupu.

Kisha ipikwe. Fuata maandishi ya kopo. Baadhi ya rangi za namna hii hutaka kupandishwa joto kwa hatua, zikipumzishwa kati ya hatua moja na nyingine. Mimi nilinunua oveni ya umeme iliyotupwa na hoteli, nikaiweka uani. Isiwe oveni inayookewa mkate wa mayai. Moshi wa rangi si wa kuchanganywa na chakula cha watoto, na harufu yake haitoki hata uipikie iliki mwaka mzima.

Nyeusi au fedha? Fuata ya kiwandani kwa modeli na mwaka wako, hasa kama unafikiria kuipeleka uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, kwenye Africa Concours d'Elegance, ambayo tangu 1970 imekuwa ikiwatoa watu na vyombo vyao vya zamani uwanjani mbele ya waamuzi, pikipiki zikiwemo. Kama kiwanda chako kilitumia zote mbili, chukua nyeusi. Nimeshasema habari ya Likoni.

Najua utaniuliza: rangi si itachubuka? Itachubuka. Jiwe litaruka, spana itateleza, na baada ya mwaka mmoja au miwili utaona doa. Hapo ndipo rangi inapoipita kromu kwa mbali. Doa la rangi hulimaliza mwenyewe Jumamosi asubuhi, injini ikiwa mahali pake: msasa kidogo, thina, brashi nambari mbili ya mwanafunzi wa sanaa, kisha safari fupi ya kuipasha moto. Doa la kromu halina Jumamosi. Ni kufungua injini yote, kuvua nikeli kwa tindikali, kuvisha tena kwa tindikali, na kuomba Mungu tundu lizibwe safari hii.

Mzee wa jua kali alikuja siku niliyoiwasha. Mateke mawili, la tatu ikaitika. Injini ikapata moto, mapezi yakaanza kutoa moshi mwembamba na ile harufu ya rangi mpya inayomalizia kuiva. Nilikuwa nimemwonya asishtuke, naye hakushtuka. Tuliiacha ipige dakika tano, tukaizima, tukangoja mpaka ikapoa kabisa, nikakaza nati za kitako na za silinda hedi moja baada ya nyingine, kwa msalaba, kama inavyotakiwa baada ya joto la kwanza. Yeye muda wote alikuwa amechuchumaa upande wa kulia. Nilipomaliza nilimwona ametoa tochi mfukoni, ameiwasha mchana kweupe, anaiingiza kati ya pezi la tatu na la nne. Akatazama sana. Akaizima, akasimama kwa kujishika kiti cha pikipiki.

"Kesho nitakuletea ya Ariel yangu," akasema. "Ile oveni bado unayo?"